Fahamu OpenDRIVE, faili linaloiambia simuleta ya udereva barabara ikoje

Fungua ramani kwenye simu yako utafute Kitonga, ule mlima wa Iringa kwenye barabara ya Dar es Salaam kwenda Mbeya. Utaona mstari uliojikunja kama nyoka, basi. Kwako unatosha. Macho na uzoefu vinajaza yaliyobaki: bonde liko upande gani, lori likija utakaa wapi, kona inabana kiasi gani.

Kompyuta haina uzoefu huo. Simuleta ya udereva, iwe ile ya kiti na usukani mbele ya skrini kubwa au programu ya kujaribia magari yanayojiendesha, lazima iambiwe kila kitu kwa namba. Leni ni ngapi, kila moja ina upana gani, kona inaanzia mita ya ngapi, barabara inapanda au inashuka, taa ziko wapi, mstari wa katikati umekatika au haujakatika.

Maelezo hayo yote yanakaa kwenye faili la barabara. Leo tuzungumzie fomati za wazi za mafaili hayo, na zaidi ile ambayo watu wengi wa fani hii hukutana nayo: OpenDRIVE, yenye mafaili yanayoishia na .xodr. Ndani yake kuna jambo moja linalotuhusu sana sisi tunaoendesha kushoto, tutalifikia.

Ilikotoka

Zamani kila simuleta ilikuwa na lugha yake. Kampuni kubwa za magari zilikuwa na mashine hizi kitambo. Daimler-Benz, wenye Mercedes, walifungua ya kwao Berlin mwaka 1985. Kutengeneza barabara ya kompyuta ni kazi ndefu, na barabara iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine moja haikusomeka kwenye nyingine. Wanaokumbuka chaja za simu za zamani wanaelewa vizuri: Nokia ina pini yake, Samsung yake, Motorola yake, na ukienda kwa jirani mwenye chaja tofauti unarudi na simu yako ikiwa imezima vilevile.

Kampuni ndogo ya kusini mwa Ujerumani, VIRES, ikishirikiana na Daimler, ikatoa OpenDRIVE hadharani mwaka 2006. Maelezo ya fomati yaliwekwa wazi ili yeyote ayasome na kutengeneza programu inayoielewa. Faili lenyewe ni maandishi ya XML, kwa hiyo unaweza kulifungua hata kwa programu ya kawaida ya kuandikia ukaona maneno na namba.

Mwaka 2017 VIRES ikanunuliwa na MSC Software ya Marekani. Mara nyingi hapo ndipo mambo huharibika: mwenye mali mpya anafunga mlango na kuanza kutoza. Safari hii haikuwa hivyo. Mwaka 2018 OpenDRIVE ilikabidhiwa kwa ASAM, chama cha viwango cha sekta ya magari chenye makao Ujerumani, kilichoanzishwa 1998. Kampuni nyingi ni wanachama wa chama hicho, na hakuna hata moja inayoweza kusema fomati hii ni yangu peke yangu. ASAM ilitoa toleo la 1.6 mwaka 2020, la 1.7 mwaka 2021 na la 1.8 mwaka 2023. Maelezo yake yanapakuliwa bure.

Uti wa mgongo wa barabara

Hapa ndipo penye utamu, twende taratibu.

Kila barabara ndani ya faili ina mstari mmoja unaoitwa mstari wa rejea. Huu ni uti wa mgongo. Vitu vingine vyote, yaani leni, kingo, alama, nguzo za taa na miti, vinapimwa kutoka kwenye mstari huo kwa namba mbili. Ya kwanza inaitwa s: umetembea mita ngapi kutoka mwanzo wa barabara. Ya pili inaitwa t: umetoka pembeni mita ngapi, kushoto ni jumlisha na kulia ni kutoa.

Ni kama tunavyoelekezana mtaani. Humwambii mgeni latitudo na longitudo ya nyumba yako. Unamwambia, "Fuata hii njia, ukimaliza duka la Mangi, hatua kumi, geti liko kushoto." OpenDRIVE inaelekeza hivyo hivyo, ila kwa mita na desimali.

Mstari wa rejea unaunganishwa kwa vipande. Kuna kipande kilichonyooka. Kuna tao, ambalo ni sehemu ya duara. Na kuna spairo, ambayo ndiyo watu wengi hawajawahi kuisikia ingawa wanaipita kila wanaposafiri kwenye barabara kuu.

Fikiria unaendesha kwa kilomita 80 kwa saa barabara ikiwa imenyooka, mbele kuna kona ya duara. Kama barabara ingetoka kwenye mnyooko na kuingia kwenye duara papo hapo, ungelazimika kuzungusha usukani wote kwa nukta moja. Haiwezekani, na abiria wangelalana upande mmoja. Kwa hiyo wahandisi huweka katikati kipande kinachojikunja kidogo kidogo, nawe unazungusha usukani polepole bila hata kujua. Hiyo ndiyo spairo. Wajenzi wa reli walikuwa wakitumia wazo hili kabla magari hayajatapakaa.

Kwenye faili, mkunjo unaandikwa kwa namba moja: 1 gawanya kwa nusukipenyo cha kona. Barabara iliyonyooka ina mkunjo 0. Kona yenye nusukipenyo cha mita 100 ina mkunjo 0.01. Kona kali ya mita 50 ina 0.02. Spairo inasema tu: anza na 0, malizia na 0.01, urefu mita 60. Mstari mmoja wa maandishi, na kompyuta inajua mahali pa kila sentimita ya kona hiyo.

Linganisha na ramani ya kawaida ya kidijitali. Kona pale ni nukta zilizounganishwa na vijiti vilivyonyooka. Kwa jicho lako kwenye skrini ya inchi sita inaonekana kona. Kwa gari la kompyuta, kila nukta ni pembe, na likifika pembeni linakata usukani ghafla, linanyoosha, linakata tena. Hapo unajaribu gari kumbe unachojaribu ni vijiti vya ramani.

Kwa urefu wa kupanda na kushuka kuna maelezo yake tofauti, na kuna mengine ya mwinamo wa pembeni, ule unaofanya kona ya barabara kuu ilalie upande wa ndani ili gari lisitupwe nje. Kitonga bila namba hizo mbili ni meza tu.

Leni zina namba, na sifuri haina upana

Ukishapata uti wa mgongo, unaweka leni. Ile ya katikati ni namba 0, na haina upana. Ipo tu kutenganisha pande mbili. Leni za kulia zinahesabiwa -1, -2, -3 kadiri unavyotoka nje. Za kushoto ni 1, 2, 3. Kila leni inatajiwa aina yake: ya magari, bega la barabara, ya baiskeli, ya waenda kwa miguu, maegesho, kisiwa cha katikati. Unaweza pia kuandika kwamba leni fulani ni ya mabasi tu, kwa hiyo njia za mwendokasi za Dar es Salaam zinaelezeka bila shida.

Upana wa leni hauandikwi kama namba moja iliyoganda, kwa sababu leni huzaliwa na kufa njiani. Chukua kituo cha daladala chenye leni ya kuingilia. Inaanza upana wa sifuri, na baada ya mita 50 imefika mita 3.5. Faili linaandika hesabu fupi ya kufuata: kwa umbali x kutoka mwanzo, upana ni 0.0042 mara x ya kipeo cha pili, toa 0.000056 mara x ya kipeo cha tatu. Chukua kikokotoo cha simu ujaribu. Kwenye mita 25 utapata 1.75, nusu kamili ya leni, na ukingo unakwenda laini mwanzo hadi mwisho.

Kushoto au kulia? Ukinyamaza, faili linajibu kulia

Hili ndilo nililoahidi.

Kila barabara ndani ya OpenDRIVE ina sehemu ndogo inayoandikwa rule, na majibu yake ni mawili: RHT, magari yanakaa kulia, au LHT, magari yanakaa kushoto. Kenya, Uganda na Tanzania, bara na visiwani, ni LHT. Rwanda, Burundi na Congo ni RHT.

Usipoandika chochote, kanuni inasema ichukuliwe ni RHT. Fomati ilizaliwa Ujerumani, na Ujerumani wanaendesha kulia, kwa hiyo wala si ajabu. Lakini matokeo yake ni kwamba mtu anaweza kuchora barabara ya Morogoro kwa uangalifu wote, akapima leni, akaweka taa, akasahau herufi tatu, na magari yote ya simuleta yakaanza kuja uso kwa uso na mwanafunzi.

Tena kubadilisha jibu kunageuza maana ya namba za leni. Kwenye RHT, leni zenye namba hasi ndizo zinazokwenda mbele, kuelekea s inakoongezeka. Kwenye LHT leni hasi bado ziko kulia, ila sasa ndizo zinazorudi. Programu iliyoandikwa na mtu ambaye hakuwahi kuwaza wapo wanaoendesha kushoto inaweza kulisoma faili lote sawasawa na bado ikakosea hapo.

Kwa mwanafunzi wa udereva suala ni zito kuliko linavyoonekana. Anachojifunza kwenye simuleta si kukanyaga breki tu. Anajifunza macho yaende wapi kwanza anapofika makutano. Aliyezoeshwa upande wa kulia atatazama kushoto kwanza, na Tanzania gari la kwanza kumfikia linatokea kulia.

Kuna uzuri wake pia. Kwa kuwa jibu hilo linaandikwa kwa kila barabara peke yake, faili moja linaweza kubeba zote mbili. Mpaka wa Rusumo, unapotoka Tanzania kuingia Rwanda na magari yakahama kutoka kushoto kwenda kulia, unaweza kuandikwa ulivyo. Madereva wa malori ya masafa wanaujua mpaka huo vizuri, na ukiniuliza ni sehemu gani ya Afrika Mashariki inafaa kuwekwa kwenye simuleta ya mafunzo, ningetaja hiyo kabla ya kona yoyote ya Kitonga.

Alama nazo zina uraia. Kila alama ya barabarani inaandikwa pamoja na nchi yake na namba yake kwenye orodha ya nchi hiyo. Ujerumani, namba 206 ni Simama na namba 274 ni kikomo cha mwendo. Unaweza kuandika TZ au KE badala ya DE, faili halitakataa, lakini programu isiyo na orodha ya alama za Tanzania haitajua ichore nini.

Makutano na kipilefti

Makutano ndiyo huwachosha watengenezaji. Barabara nne zikikutana, faili linataka barabara nyingine ndogo ndani ya makutano, moja kwa kila njia ya kupita: anayetoka kaskazini kwenda mashariki, anayenyoosha, anayekata kulia, na kadhalika. Kwa macho hazionekani, ni lami tupu, ila kwa kompyuta ni reli za kufuata. Zinapandana pale katikati, na hapo tu ndipo kupandana kunaruhusiwa.

Kipilefti, au raundabauti kwa ndugu zetu wa Kenya, ni mduara wa barabara fupi fupi wenye makutano kadhaa, kisha yote yanafungwa kwenye kundi moja lililoandikwa kwamba hili ni mzunguko. Na jina letu la kipilefti, lililotokana na kibao cha kuwaambia madereva wakae kushoto, linamkumbusha mtu jibu la swali la juu.

Kosa linalosumbua zaidi hapa ni mwanya. Barabara moja inaishia kwenye nukta fulani na inayofuata inaanza sentimita chache pembeni. Faili ni halali kisarufi, hakuna neno lililokosewa. Gari likifika pale linaruka, linatikisika, au linapotea barabarani kabisa. Ndiyo maana kuna programu za kukagua mafaili haya kabla hayajatumika, na ASAM yenyewe ina mfumo wa ukaguzi ulio wazi.

Mashimo na matuta

OpenDRIVE inaweza kutaja kwamba leni ni ya lami au ya vumbi, ina ukwaruzo kiasi gani, inateleza kiasi gani. Haichori shimo. Kwa kazi hiyo kuna ndugu yake, OpenCRG, ambayo nayo ilianzia Daimler na sasa iko ASAM. Hii inatandika wavu juu ya barabara, na kila tundu la wavu linaandikiwa kimo chake. Ndiyo wanayotumia wanaojaribu shokomzoba na matairi.

Piga hesabu uone gharama yake. Barabara ya kilomita 1, upana mita 4, wavu wa sentimita 1: ni nukta 100,000 kwa 400, sawa na milioni 40. Kila nukta ikichukua baiti 4, faili ni kama MB 160. Kilomita moja tu, bando lako limekwisha. Kwa hiyo OpenCRG huwekwa kwenye vipande vinavyohitaji, na faili la OpenDRIVE linaielekeza tu: kuanzia mita hii hadi ile, tumia wavu ule.

Bodaboda anayechomoka katikati ya foleni hayumo kwenye faili hata moja kati ya haya mawili. Yeye ni mwenendo, si barabara, na mwenendo unaandikwa kwenye fomati ya tatu, OpenSCENARIO, ambayo toleo lake la 1.0 chini ya ASAM lilitoka 2020.

Je, ramani ya OpenStreetMap haitoshi?

Swali zuri, maana sisi kwenye OpenStreetMap tumeshafanya kazi kubwa. Map Kibera ilianza Nairobi mwaka 2009, na Ramani Huria ilianza Dar es Salaam 2015, wanafunzi wa vyuo na wakazi wakipita mtaa kwa mtaa kuchora njia na mitaro kwa ajili ya kukabili mafuriko. Data hizo ziko wazi kwa yeyote.

Na kweli zinabadilishwa kuwa OpenDRIVE. SUMO, programu ya wazi ya kuigiza foleni iliyoanzishwa na kituo cha anga cha Ujerumani DLR mwaka 2001, ina kigeuzi kinachosoma OpenStreetMap na kutoa .xodr. CARLA, simuleta ya wazi ya magari yanayojiendesha iliyotangazwa 2017, nayo ina njia yake ya kugeuza. Kazi ya dakika chache, na mtaa wako upo kwenye simuleta.

Usishangilie mapema. OpenStreetMap mara nyingi inasema hapa kuna barabara, ina leni mbili, ni ya lami. Haisemi upana wa kila leni. Kigeuzi hakiwezi kuacha wazi, kwa hiyo kinajaza: SUMO, isipoambiwa, inaweka mita 3.2. Kichochoro cha Tandale ambacho bajaji mbili zinapishana kwa kubembelezana kinaweza kutoka na leni safi kama za Munich. Kama idadi ya leni haijaandikwa, nayo inakisiwa kutokana na aina ya barabara. Kimo mara nyingi hakipo, basi usipoipa programu faili la miinuko, unapata tambarare.

Faili litafunguka na litapendeza. Tatizo ni kwamba ukilitazama huwezi kutofautisha namba iliyopimwa na mtu aliyesimama pale na futi, na namba iliyojazwa na programu. Kwa kuigiza foleni ya jiji zima, makisio hayo yanavumilika. Kwa kumfundisha mtu kupishana na lori, hapana.

Na usisahau kukiambia kigeuzi kwamba huku ni kushoto. SUMO ina swichi yake, lefthand.

Nyingine zilizo sokoni

OpenDRIVE haiko peke yake. Wafaransa wana RoadXML, fomati ya wazi iliyotengenezwa na kampuni na taasisi za huko, wakiwamo Renault, PSA na Oktal. Inagawa barabara katika tabaka nne: mitaa inavyoungana, maana ya kila kitu kwa dereva, hali ya uso wa barabara, na sura ya kuonekana. Kwangu mgawanyo wake unaeleweka haraka zaidi, ila watu waliokwenda nayo ni wachache.

Lanelet2, ya watafiti wa Karlsruhe, ilitoka 2018. Yenyewe inachukua njia tofauti: badala ya uti wa mgongo na hesabu, inachora ukingo wa kushoto na wa kulia wa kila leni kwa nukta. Wazo la leni za namna hii lilitumika kwenye gari la Mercedes lililojiendesha kutoka Mannheim hadi Pforzheim Agosti 2013, kama kilomita 100 kwenye barabara za kawaida. Autoware, programu ya wazi ya magari yanayojiendesha, inatumia Lanelet2. Kwa barabara zisizo na umbo la kihandisi, zile zilizojitengeneza kwa kupitwapitwa, kuchora kingo kwa nukta huenda ni rahisi kuliko kutafuta spairo isiyokuwepo.

Halafu kuna lahaja. Apollo ya Baidu, China, ilianza na OpenDRIVE ikaibadilisha kwa mahitaji yake, na faili la Apollo usilipe programu ya kawaida ukitegemea litasomeka. Kiswahili cha Lamu na cha Lubumbashi vyote ni Kiswahili, lakini kuna mahali mtaulizana.

"Wazi" maana yake nini hasa

Watu huchanganya mambo hapa. Fomati kuwa wazi maana yake sarufi ni ya wote. Barabara yenyewe iliyoandikwa kwa sarufi hiyo inaweza kuwa na mwenyewe na bei yake. Kuna kampuni zinazopita na magari yenye vipimo vya leza na kuuza mafaili ya .xodr ya barabara halisi, na si bei ya mboga. Programu ya kuchorea inaweza pia kuwa ya kulipia: RoadRunner, inayotumiwa na wengi, ni ya MathWorks, waliomnunua mtengenezaji wake mwaka 2020. Data za OpenStreetMap ni za bure lakini zina masharti ya leseni yake, na ukizigeuza kuwa .xodr masharti hayapotei njiani.

Umuhimu wa sarufi kuwa ya wote unaonekana siku programu inapokufa. LG ya Korea ilikuwa na simuleta yake ya magari, SVL, iliyopendwa vyuoni. Kuanzia Januari 2022 kampuni iliacha kuiendeleza. Simuleta hiyo ilikuwa na uwezo wa kutoa barabara kwa OpenDRIVE na Lanelet2, kwa hiyo aliyezitoa mapema alihamia kwingine na barabara zake. Aliyezifungia ndani ya programu alibaki na programu isiyo na mwenyewe.

Kwa hiyo mwenye chuo cha udereva anayeletewa simuleta ya kununua, kabla hajavutiwa na kiti kinachotikisika, amuulize muuzaji: inasoma na kutoa .xodr, au barabara zenu ni za kwenu tu? Nikitaka kuongeza barabara ya kwetu, nani anaruhusiwa kuichora? Na LHT mmeijaribu kweli, au mmehamisha usukani tu? Muuzaji mwenye jibu ataonyesha faili. Asiye nalo ataonyesha tena kiti.

Ukitaka kuliona mwenyewe

CARLA inakuja na miji yake ya mfano na mafaili yao ya .xodr, lakini inahitaji kompyuta yenye kadi nzuri ya picha. Njia nyepesi ni esmini, programu ndogo ya wazi inayofungua barabara na matukio kwenye kompyuta ya kawaida. Nyepesi zaidi ni odrviewer.io, ukurasa unaochora faili la .xodr ndani ya kivinjari bila kusakinisha kitu.

Na ukiwa na simu tu, fungua faili kama maandishi. Juu kabisa utaona header yenye toleo la fomati, na mara nyingi maelezo ya mahali duniani faili lilipo. Shuka hadi kwenye road ya kwanza, uangalie urefu wake, vipande vya mstari wa rejea, kisha leni na upana wake. Ukiona leni zote zina 3.2 kamili kuanzia juu hadi chini, ujue hakuna aliyekwenda kupima. Halafu tafuta neno rule. Lisipokuwepo, faili hilo linaendesha kulia.